Msomi ni nani? Kusoma kulivyonifundisha kuwashuku wakubwa

MLETA UZI, MALABA

Wakuu, heshima zenu. Wiki iliyopita kwenye kibanda cha chai hapa mpakani, dereva mwenzangu alinikuta na kitabu mkononi. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Nyinyi wasomi ndio mliotuuza." Usoni hakuwa na utani hata chembe. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, huu mwaka wa kumi na saba. Shule niliishia kidato cha nne, na cheo sina popote. Lakini kwa kushika kitabu tu, nilihesabiwa upande wa wale wanaotupita barabarani kwa king'ora na vioo vyeusi.

Neno lile halijanitoka. Kiswahili kinamwita msomi yule anayesoma, na kinamwita msomi vilevile yule aliyekwisha kusoma akapewa kiti. Neno moja limebeba watu wawili, na hao wawili hawali meza moja. Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Kusoma kunamfanya nini mtu katika mambo ya siasa? Mimi kulinifanya niwashuku wakubwa, na nitaeleza kulianzia wapi.

Nimekulia Tororo, kwenye landi za reli, nyumba za wafanyakazi wa reli. Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wanubi na Waluhya tulikuwa ua mmoja, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Sasa, Kiswahili cha Uganda mnajua kilikopitia. Wazee wetu walikisikia, hawakukisoma. Walisikia "magendo". Walisikia "mafuta mingi", ndivyo walivyoitwa waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa 1972. Walisikia "panda gari", amri ya askari wa miaka ya 1980 walipozingira mtaa na kuwasomba vijana kwenye malori. Mama yangu hadi leo akisikia maneno hayo mawili, hata kama ni kondakta anaita abiria, anageuka kutazama mlango. Lugha hii kwetu ilikuwa ya kuamriwa. Kuikuta kwenye karatasi, nimekaa kivulini, hakuna anayenifokea, lilikuwa jambo jipya kabisa.

Ila karatasi ya kwanza kuniingia moyoni haikuwa kitabu, wala haikuwa ya Kiswahili. Lilikuwa tangazo kwenye mlango wa shule. Mwaka 1997 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ada ikaondolewa, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi cha ruzuku zilichopokea. Mama hakujua kusoma. Jumapili moja tukitoka kanisani alinishika mkono, akanisimamisha mbele ya mlango ule, akasema, "Nisomee." Nikasoma tarakimu. Akaniuliza, "Na chaki je?" Kwa sababu wiki ile nzima mwalimu wetu alikuwa anaandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu.

Kesho yake alikwenda ofisini na wanawake wengine wanne. Hawakupaza sauti. Waliitaja ile tarakimu tu, mmoja baada ya mwingine, wakakaa kwenye benchi. Wiki mbili hazikupita, maboksi ya chaki yakafika.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba kwetu hapakuwa peke yake. Watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku ya shule za msingi za Uganda kati ya 1991 na 1995. Walipita shule 250, wakakuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha zile zilizofika shuleni. Kumi na tatu! Na shule za maskini ndizo zilizopunjwa zaidi. Kisha serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikabandika matangazo. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wapo wachumi waliosema baadaye kwamba si magazeti peke yake, yalikuwepo na mageuzi mengine katika usimamizi wa fedha. Nakubali. Lakini nikiwakumbuka wale wanawake watano kwenye benchi, najua mlango wa shule nao ulikuwa na kazi yake.

Pale ndipo nilipojifunza kutofautisha shuku na shuku. Madereva wengi husema "wote ni wezi", wanamaliza chai, wanawasha gari. Mama hakusema hivyo. Alisema tarakimu. Mwizi hasumbuliwi na "wote ni wezi", maana lawama ya watu wote haina mwenyewe.

Nimalizie na foleni. Januari 2022 malori yalijipanga hapa Malaba kilomita kwa kilomita, upande wa Kenya, madereva tukigomea kulipia kipimo cha Korona. Ukikaa foleni siku kadhaa unamaliza habari zote za nyumbani na za mpira. Dereva wa Kitanzania aliniazima Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapwa mara ya kwanza 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi, na kila aliyerudi na jema akatupwa gerezani. Nilikisoma mara mbili humo kebini.

Nilikuwa pia na nakala ya Katiba ya Uganda ya 1995. Ibara ya kwanza inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Nikakumbuka kauli ya Rais Museveni ya mwaka 1986, kwamba tatizo la Afrika si watu wake, ni viongozi wanaotaka kukaa madarakani kupita muda. Ukomo wa mihula ukaondolewa 2005. Ukomo wa umri ukaondolewa Desemba 2017. Yeye mwenyewe ameeleza baadaye kwamba alikuwa anawasema wanaokaa bila kuchaguliwa. Sawa, na maelezo hayo nayo niliyasoma. Mtu aliyeyapata haya yote kwa kusikia atavutwa na sauti ya mwisho. Aliyeyasoma anaziweka karatasi sambamba, anazitazama zikiwa kimya.

Nawasikiliza.

MCHANGIAJI, ARUA

Kaka dereva, asante kwa habari za mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwaka wa kumi na tano. Naomba nikupinge kidogo.

Umeandika kana kwamba kusoma ni dawa. Umemtaja Rais, basi kumbuka kwamba yeye ni mtoto wa vitabu kuliko sisi sote hapa. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati mwanahistoria Walter Rodney anafundisha pale. Tasnifu yake ilihusu nadharia ya Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, juu ya vurugu, akaipima kwa yale yaliyokuwa yakitokea maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa. Na huyo Fanon ndiye aliyeandika kwa ukali kuliko wote juu ya tabaka la viongozi Waafrika ambao baada ya uhuru wanarithi kiti cha mkoloni pamoja na mito yake. Kwa hiyo kizazi kile kilisoma, kikashuku wakubwa, kikaingia msituni kwa ajili ya shuku hiyo. Halafu? Kusoma kulimpeleka mtu hadi mlango wa ikulu. Alipokwisha kuingia, sijaona kitabu kilichomtoa.

Na kuna jambo jingine, linaniuma zaidi kwa kuwa naliona kila siku darasani. Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, alitoa Song of Lawino mwaka 1966, na kwa Kiacholi ikatoka 1969. Watu hulifanya shairi lile kuwa ugomvi wa mke wa kijijini na mume mpenda uzungu. Mimi naona Lawino analia msiba. Mumewe amepotelea kwenye msitu wa vitabu, na vijana wote wa Acholi pamoja naye. Wamesoma wakajifunza kuwadharau mama zao. Huo ndio usomi tunaoufundisha mpaka leo: mtoto akifaulu, thawabu yake ni kuondoka kwetu. Ukitaka kujua kwa nini dereva yule alikuambia "mmetuuza", anza hapo. Wewe uliposhika kitabu aliona mgongo wa mtu anayeondoka.

Mama yako hakujua kusoma. Lakini swali la chaki liliulizwa na yeye, wewe ulisoma tarakimu tu.

MCHANGIAJI, BOMBO

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamkuziandika. Mimi ni Mnubi, uzao wa askari waliotoka Sudan, nina miaka sabini na sita. Nasoma polepole na nimewasoma wote.

Mnaongea juu ya kuwashuku wasomi kana kwamba ni jambo la jana. Mimi nimeishi chini ya serikali ya Idi Amin, iliyowashuku wasomi kweli kweli. Septemba 1972 Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa mahakamani mchana kweupe, hakurudi. Mwezi uliofuata akachukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, naye hakurudi. Januari 1973 akauawa Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, gazeti la Kiluganda lililokuwa likisomwa tangu 1911. Jaji, mwalimu na mhariri, yote hayo ndani ya miezi mitano. Na kwenye kambi ya jeshi kulikuwa na watu waliofurahi. Nilisikia kwa masikio yangu: "Waache, walijifanya wanajua sana."

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wakubwa wote ni wabaya na wasomi wote wametuuza, mwili wangu unasisimka. Najua neno hilo linavyotumika. Mtawala akitaka kumnyamazisha anayejua hesabu, kwanza anawafundisha watu kumchukia anayejua hesabu.

Na shuku ya jumla ina zamu. Serikali ile ilipoanguka Aprili 1979, tukashukiwa sisi. Mnubi alikuwa Amin, Amin alikuwa Mnubi, basi. Hakuna aliyeuliza nani alifanya nini, lini, wapi. Nilikuwa fundi cherehani. Nilivuka mpaka na cherehani kichwani, mke wangu na mtoto mgongoni. Walionifukuza nao waliamini kwamba wanawachukia wakubwa.

Mleta uzi amesema vizuri juu ya tarakimu ya mama. Shikeni hapo. Mkimshuku mtu, mshukuni kwa jina la alichofanya.

MCHANGIAJI, KAWEMPE

Mzee wetu wa Bombo, shikamoo sana. Nimeisoma mara tatu.

Mimi ni boda, steji yetu ina pikipiki thelathini. Niseme ukweli: kitabu kizima sijamaliza tangu nitoke shule. Lakini siasa naijua. Tunasikia. Zamani kulikuwa na bimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa redioni, watu wanakaa chini ya mti au baa na kila mmoja anapewa kipaza sauti. Baba yangu alikuwa haikosi. Ikapigwa marufuku Septemba 2009 baada ya ghasia zilizozuka Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga. Tukahamia kwenye simu. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku ili uingie WhatsApp na Facebook. Tukahamia VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ikazimwa yote. Facebook ikafungwa. Ndugu zangu, watu hawasumbuki hivyo kufunga kitu kisicho na nguvu.

Ila nataka kumuunga mkono mleta uzi kwa jambo moja. Mwanzoni mwa 2024 watu walianza kuweka mtandaoni karatasi za malipo ya Bungeni. Hazikuwa hotuba. Karatasi tupu, safu kwa safu, fulani kalipwa kiasi fulani kwa kazi fulani. Mimi ambaye sisomi nilikaa kwenye pikipiki nikasoma. Abiria ananiita, nasoma. Kwa sababu hesabu ile naijua: mafuta ya siku, servisi, marejesho ya mkopo wa pikipiki. Niligawa posho moja kwa mapato yangu ya siku. Nilipopata jibu nikamwonyesha jirani, naye akampa mwingine, steji nzima ikanyamaza. Steji yetu hainyamazi hivi hivi.

Julai 23 mwaka ule vijana waliandamana kuelekea Bungeni, wengi wakakamatwa. Wawili ni wa mtaa wetu. Hawajawahi kuwa wanachama wa chama chochote. Ukiwauliza nini kiliwatoa nyumbani wanasema: zile karatasi.

Kwa hiyo dada wa Arua, sijui kama ni dawa. Kwetu ilikuwa kama kuwasha taa kwenye chumba ambacho harufu yake tulikuwa tunaisikia siku zote.

MLETA UZI, MALABA

Nimevuka jana usiku, niko Iganga napumzisha gari. Nimewasoma wote, na mwalimu amenigusa penye kidonda. Ngoja nijibu kwa historia ambayo wengi wetu tulifundishwa vipande vipande.

Kiluganda kina neno abasomi, wasomaji. Ndilo jina walilopewa watu wa kwanza kuifuata dini ya kitabu katika Buganda. Hadi leo okusoma kwa Kiluganda ni kusoma na pia ni kwenda kusali. Na ndugu zangu wa Kiswahili, jueni hili: wengi wa wasomaji wale wa kwanza walianza na lugha yetu. Uislamu uliingia na wafanyabiashara wa pwani. Mmisionari Alexander Mackay alipofika 1878, Biblia ya Kiluganda haikuwepo, akaanza kufundisha kwa Injili za Kiswahili. Vijana wa ikulu, watoto wanaobeba maji na kulinda milango ya Kabaka, wakajikuta wana kitu ambacho Kabaka hakuwapa na hawezi kuwanyang'anya, kwa sababu kiko kichwani.

Katika miaka ya 1870 Waislamu vijana walikataa nyama iliyochinjwa ikulu, na kukataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, kwa kuwa walisoma kwamba si halali. Kabaka Mutesa akawaua. Juni 3, 1886, mwanawe Kabaka Mwanga akawachoma Wakristo huko Namugongo. Mwaka 1888 makundi yote matatu ya wasomaji, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, yaliungana yakamtoa Mwanga kwenye kiti. Watoto wa kubeba maji! Ukiniuliza kama kusoma kunamfundisha mtu kutowaogopa wakubwa, jibu lipo hapo, na liliandikwa kwa damu.

Sasa geuza ukurasa. Baada ya kupigana wenyewe kwa wenyewe, waliobaki juu wakawa machifu. Machi 10, 1900, wakatia saini Mkataba wa Buganda na Waingereza. Maili za mraba 8,000 zikatengwa kwa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000. Ndiyo ardhi ya mailo. Mkulima aliyekuwa akilima pale tangu babu wa babu yake akaamka mpangaji. Waliotia saini ni abasomi. Waliojua kilichoandikwa ni abasomi. Kisha viongozi wa koo, bataka, walisimama katika miaka ya 1920 kudai ardhi za mababu, na kesi za vibanja, mashamba ya wapangaji hao, tunazo hadi leo.

Mwalimu, hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuiandika mwanzoni. Niliandika kana kwamba wakubwa wako upande ule na mimi msomaji niko upande huu. Lakini karatasi ya 1900 inanitazama mimi. Umbali kati ya kijana wa Namugongo na mwenye mailo ni miaka kumi na minne. Wengine walikuwa watu walewale, rafiki wa waliochomwa.

Na nina langu la kusema. Miaka sita iliyopita madereva walinichagua niandike madai yetu kwa kampuni moja ya usafirishaji, maana najua kuandika barua. Niliitwa ofisini. Nikapewa soda, kiti chenye mto, na karatasi ndefu ya masharti mapya ya kazi ya Kiingereza. Niliisoma yote. Kifungu kimoja kilihusu nani analipa mzigo ukipungua njiani. Nilikielewa. Niliporudi kwa wenzangu niliwaeleza mazuri yaliyomo, nyongeza ya posho ya usiku, kile kifungu nikakipitia haraka, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwa upole kwamba mtu mwenye uelewa kama wangu hastahili kukaa kwenye usukani maisha yote. Kazi ile ya ofisi haikuja. Kifungu kilikuja. Wenzangu watatu walikatwa mshahara miezi minne.

Yule aliyeniambia kwenye kibanda cha chai "nyinyi wasomi ndio mliotuuza" ni mmoja wa hao watatu. Sikuwaambia mwanzoni. Nimeuandika uzi mzima nikizunguka hapo.

MCHANGIAJI, ARUA

Kaka, umesema. Umemwambia yeye?

MLETA UZI, MALABA

Bado. Yuko nyuma yangu, anategemea kuvuka kesho Alhamisi. Nakala ya ile karatasi ninayo, iko kwenye dashibodi tangu mwaka ule. Nitamngoja hapa Iganga.

MCHANGIAJI, BOMBO

Mngoje. Na usimsimulie, msomee. Chote, kwa lugha anayoielewa, hata vile vifungu visivyohusu.

MCHANGIAJI, KAWEMPE

Mkuu, ukishamaliza na yeye, njoo na Kusadikika Kampala. Steji yetu iko upande wa kushoto ukishuka Bwaise. Mimi sitakimaliza haraka, lakini tuko thelathini, kila mtu akichukua kurasa tatu tatu tunasomeana jioni abiria wakipungua.

MLETA UZI, MALABA

Si changu, mwenyewe ni Mtanzania, hupita kila mwezi. Nitamwomba. Mkikipata, msikunje kurasa.